Msaragambo na Soko Katika Upare

Katika Upare, neno msaragambo ni jina la kazi ya umoja: watu huitwa kuzibua mfereji, kutengeneza njia au kujenga ndiva. Asiyefika bila sababu hutozwa faini. Ndiva ni bwawa dogo. Maji ya kijito hukusanywa humo usiku, na asubuhi hufunguliwa, yakafika mashambani kwa zamu.

Msomaji asidhani kwamba desturi hii yakataa mali ya mtu mmoja. Huku Chome, chini ya kilele cha Shengena chenye mita zipatazo 2,460, kahawa na tangawizi ni za mwenye shamba, naye huziuza kwa faida yake. Mavuno ni yake; mfereji ni wa wote.

Wako wenye hekima wa nchi za mbali waliotafuta kupatanisha mambo hayo mawili. Wilhelm Röpke, Mjerumani (1899–1966), alifundisha kwamba soko halizai uaminifu wake lenyewe, bali huupokea kutoka katika jamaa, dini na ujirani. Frank Meyer wa Marekani (1909–1972) alikubali kwamba maadili ya kale yafaa, lakini akashika kwamba wema wa kulazimishwa si wema.

Je, faini ya msaragambo si kulazimisha? Jibu twalipata katika habari za mbiru. Hilo lilikuwa jina la ushuru wa kale wa watawala wa Upare. Katika miaka ya 1940 serikali ya Waingereza ililitwaa jina hilo, ikaliweka juu ya kodi mpya iliyopimwa kwa kadiri ya mali ya kila mtu. Mwaka 1945 maelfu ya watu walishuka Same kuikataa, na hatimaye kodi ile ikaondolewa. Jina lilikuwa la wazee, lakini amri haikutoka kwa watu wenyewe, wala hawakujua mpimaji atakadiria nini.

Mtozwa faini ya msaragambo hujua kosa lake, hujua kazi aliyoikimbia, na maji ya mfereji ule ule humfikia shambani. Ndiyo tofauti. Basi twawasihi wanaotunga sheria za vijiji: mkitumia maneno ya wazee, ulizeni kwanza kama watakaoyabeba wamekubali mzigo wenyewe.