Saa ya babu ikibadilishwa uso, je, bado ni ileile?

MNUNUZI wa dhahabu katika ukanda wa Kharumwa na Geita hapati taabu kubwa kujua alichoshika. Madini hupimwa usafi, hupimwa uzito, kisha bei hutajwa. Tangu soko la dhahabu la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, kazi hiyo hufanyika mbele ya macho ya muuzaji mwenyewe. Lakini mtu akileta saa ya mkono ya dhahabu aliyoachiwa na babu yake, mizani hiyohiyo itajibu swali moja tu, na huenda si lile lenye fedha nyingi.

Alama ya 750 iliyogongwa kwenye gamba la saa humaanisha kuwa sehemu 750 kati ya 1,000 za gamba hilo ni dhahabu. Alama ya 375 ni chini ya nusu. Palipoandikwa mikroni 10 au 20, hiyo ni dhahabu iliyopakwa juu ya madini mengine. Alama hizo hazisemi lolote kuhusu uso wa saa, mishale wala mashine iliyomo ndani, nayo ndiyo mambo wanayobishania wakusanyaji wa saa za kale.

Oktoba 26, 2017, huko New York, saa ya Rolex Daytona iliyokuwa ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa kwa dola za Marekani milioni 17.7. Gamba lake si la dhahabu. Ni chuma kisichoshika kutu. Jina la mwenyewe lilichangia sana bei hiyo, lakini hata Daytona za watu wasiojulikana zenye uso wa aina ile huuzwa ghali kuliko wenzake wa umri uleule. Tofauti kubwa ni kipande kile chembamba chenye namba na maandishi.

Hapo ndipo ubishi huanza. Wapo wanaoshikilia kuwa kipuri kilichotoka kiwandani ni halisi hata kama kilifungwa miaka 30 baadaye, kwa kuwa mtengenezaji ni yuleyule. Wengine husema halisi ni kile tu ambacho saa ilitoka nacho siku ya kwanza. Hoja ya kundi la pili ndiyo yenye nguvu sokoni, ingawa kwa mvaaji wa kawaida ni ya kushangaza: uso uliofifia na kupata madoa hupewa thamani kuliko mpya unaosomeka vizuri.

Mfano ulio karibu na familia za Zanzibar zenye ndugu Muscat ni saa za zawadi za Sultan Qaboos, aliyetawala Oman kuanzia mwaka 1970 hadi alipofariki Januari 2020. Baadhi ya saa za Rolex zilizoagizwa kupitia duka la Asprey la London zilichapwa jambia, nembo ya Oman, kwenye uso. Kwa kuwa nembo hiyo ni wino tu, mtu mwenye ujuzi anaweza kuichapa kwenye uso wa kawaida wa wakati uleule. Ndiyo maana mnunuzi makini huuliza barua, picha na historia ya aliyepewa.

Hata wataalamu hudanganyika. Novemba 2021 saa ya Omega Speedmaster iliuzwa mnadani Geneva kwa faranga za Uswisi zaidi ya milioni 3. Mwaka 2023 ilibainika kuwa ilikuwa saa ya viraka, iliyounganishwa kwa vipuri vya saa mbalimbali. Mnunuzi alikuwa Omega yenyewe, iliyoitaka kwa ajili ya makumbusho yake.

Kwa wengi nchini, saa ya urithi si Rolex bali ni Seiko 5, aina iliyoanza kutengenezwa Japan mwaka 1963. Hii inaweza kukaguliwa nyumbani. Nyuma ya mfuniko kuna tarakimu nne, kistari, kisha tarakimu nyingine. Zile nne za mwanzo ni namba ya mashine. Namba hiyo imeandikwa pia kwenye mashine yenyewe, na kwa herufi ndogo sana chini ya uso. Zikitofautiana, kuna kilichobadilishwa. Namba ya pekee ya saa huanza na tarakimu ya mwisho ya mwaka, ikifuatiwa na mwezi: 6N ni Novemba ya 1966, 1976 au 1986, na aina ya mashine ndiyo huamua muongo. Uso usio na namba ndogo kabisa, wenye rangi kali na maandishi manene, mara nyingi ni uliopakwa upya. Saa nyingi za namna hiyo hutoka India.

Fundi anapaswa kuambiwa mapema kuwa gamba lisisuguliwe na kwamba vipuri vya zamani virudishwe kwa mwenyewe, hata vikiwa vibovu. Aidha, saa zilizotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1960 na zenye namba za kung'aa gizani huenda zilipakwa radiamu. Mng'ao huzimika, lakini mionzi hupungua nusu kwa takriban miaka 1,600, na vumbi lake ni hatari likivutwa. Uso wa namna hiyo haukwanguliwi.

Gamba la dhahabu likishayeyushwa, namba zake hupotea pamoja nalo, na kinacholipwa ni gramu.