Je, Wajua? Gari la Umeme Likikataa Kuchaji

Gari la umeme likiacha kuchaji usiku wa manane pale Karurumo, Embu, usikimbilie kulaumu betri. Chunguza plagi kwanza. Ikiwa ya moto, huenda soketi imelegea. Chaja nyingi huhisi joto hilo zikakata stima zenyewe. Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13: kwa volti 240, takriban kilowati 3, sawa na birika la umeme. Ila birika huchemka dakika chache, gari hunyonya usiku kucha. Nyumba ikiwa mbali na transfoma, volti hushuka majirani wakipika, chaja ikajizima. Waya wa ardhi nao ukikatika, magari mengi hayaanzi kuchaji kabisa. Na ekstensheni iliyoviringishwa? Usiitumie, nayo hupata moto.