Je, Wajua? Msuli wa Kifua Huziba Kidari Kilichofumuka

Ili kuufikia moyo, daktari mara nyingi hupasua kidari, mfupa wa katikati ya kifua, kwa msumeno. Njia hiyo ilielezwa mwaka 1897 na Herbert Milton, daktari wa hospitali ya Kasr el-Aini, Cairo.

• Baada ya upasuaji, nusu mbili za kidari hufungwa kwa nyaya za chuma kisichoshika kutu. Mfupa huchukua wiki 6 hadi 12 kuunga.

• Kwa wagonjwa wachache vijidudu huingia, nyaya hulegea na kidonda hufumuka. Kisukari, unene na sigara huongeza hatari.

• Madaktari huondoa nyaya na mfupa uliooza, kisha huziba pengo kwa msuli wa kifua wa mgonjwa mwenyewe, au kwa utando wa mafuta unaofunika matumbo. Nyama hai huleta damu, na damu hubeba dawa na kinga. Mwaka 1980 madaktari wa Atlanta, Marekani, walichapisha mafanikio ya kutumia misuli, na njia hiyo ikaenea.

• Mkazi wa Wundanyi, Kenya, aliyepasuliwa moyo Nairobi hurudi kwenye mashamba ya miteremko. Jembe, kuni na mitungi ya maji visubiri kwanza hadi mfupa uunge. Akikohoa, akumbatie mto kifuani. Mfupa ukigongagonga, usaha ukitoka au homa ikipanda, aende mara moja Hospitali ya Wesu, au ya Moi mjini Voi, apewe rufaa.