Troponini: Protini Inayouzuia Moyo Ili Uweze Kupiga

Mtaani Pipeline, Embakasi, jijini Nairobi, majumba ni marefu na mengi hayana lifti. Mifereji ikikauka, mtungi wa lita 20 hupandishwa ngazi hadi orofa ya saba, na anayeubeba anapofika juu moyo wake huenda unapiga mara 150 kwa dakika. Hapo kila pigo lina sekunde 0.4 tu, na katika muda huo moyo sharti ukaze, ulegee, ujae damu tena. Sifa zote hupewa kukaza. Kwangu mimi, kulegea ndiko kwenye ufundi, na msimamizi wake ni protini iitwayo troponini.

Mjapani Setsuro Ebashi na wenzake ndio walioitambua katika miaka ya 1960. Msuli hukaza pale nyuzi nene za miosini zinaposhika nyuzi nyembamba za aktini na kuzivuta. Lakini juu ya aktini umelala uzi mwingine, tropomiosini, unaoziba sehemu za kushikia. Kwa kila molekuli saba za aktini pana troponini moja yenye vipande vitatu: T huishikiza kwenye tropomiosini, I huzuia mvuto, na C hungoja kalsiamu. Umeme wa moyo ukipita, kalsiamu hufurika ndani ya seli, C huinasa, kisha huibandua I pale ilipokaba. Tropomiosini huteleza kando, miosini ikashika. Kalsiamu ikishaondolewa, I hurudi kukaba, na moyo hulegea.

Misuli ya miguu inayopanda ngazi zilezile ina troponini yake, ila si hii. Troponini I ya moyo ina mkia wa ziada wa asidi amino kama 30. Mbeba maji akifika orofa ya nne, adrenalini imekwisha kumwagika. Kwa msukumo wake mkia huo hubandikwa fosfeti, na C huiachilia kalsiamu upesi zaidi. Pampu za seli nazo huifyonza kwa kasi. Ndivyo moyo unavyopata nafasi ya kujaa hata unapokwenda mbio.

Tofauti hizo zimewafaa madaktari. Mwaka 1989, Hugo Katus na wenzake nchini Ujerumani walichapisha kipimo cha troponini T ya moyo. Seli za moyo zikifa, troponini huvujia kwenye damu. Si mshtuko wa moyo pekee unaoipandisha. Figo zilizodhoofika nazo huweza, ndiyo maana daktari hutazama inavyopanda au kushuka kati ya kipimo na kipimo.

Mitaani Eastlands, kifua kikiuma wengi husema ni asidi au ulsa, wakapitia kwa kemisti kununua dawa ya tumbo. Kifua kikikubana, jasho jembamba likikutoka, maumivu yakielekea mkononi au tayani, usiishie hapo. Nenda hospitali mara moja, upimwe umeme wa moyo na troponini. Na kipimo cha kwanza kikitoka safi, uliza kama kinahitaji kurudiwa, kwa sababu troponini huchukua saa kadhaa kupanda.