Mgeni Anywaye Maji ya Wenyeji

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika milima ya Cape Town, Afrika ya Kusini, yuko mgeni aliyekaa tangu enzi za wakoloni, na badala ya kushika jembe ameshika nyumba.

Mgeni huyo ni msonobari uitwao Pinus pinaster, ambao asili yake ni nchi za magharibi ya bahari ya Mediterania. Ulipandwa kwa ajili ya mbao, ukatoroka mashambani, ukapanda milima. Majani yake ni marefu na magumu kama sindano, hutoka mawili mawili. Ya ndugu yake wa California, Pinus radiata, hutoka matatu matatu. Matunda yake ya magamba hufungwa kwa utomvu. Moto upitapo hufunguka, na mbegu zenye bawa huchukuliwa na upepo.

Mimea ya asili ya huko, fynbos, ni vichaka vifupi vitumiavyo maji machache. Msonobari huvifunika kwa kivuli, hunywa mwaka mzima, na vijito hupungua. Mwaka 2018, wakati wa ukame mkali, kila mkazi wa Cape Town alitakiwa asizidi lita 50 kwa siku. Mwaka huo huo ilikadiriwa kwamba miti na mimea vamizi katika vyanzo vya mji ule hunywa lita bilioni 55 kwa mwaka, yaani matumizi ya mji mzima kwa miezi miwili hivi.

Dawa yake ni kazi. Tangu 1995, kwa mpango ulioanzishwa na Waziri Kader Asmal, maelfu ya watu waliokosa ajira wamelipwa kuikata. Msonobari ukikatwa chini ya tawi la mwisho hauchipui tena. Lakini mbegu huota, na sharti miche ing'olewe kabla haijazaa. Akataye mara moja akaenda zake amewafungulia watoto wa adui mlango.

Sisi nasi tunayo misonobari ya aina nyingine huko Sao Hill, Mufindi, nayo yatupa mbao na riziki. Hatuulaani mti. Twasema kwamba shamba sharti liwe na mpaka, na mche uonekanao nje ya mpaka huo, karibu na chemchemi, ung'olewe ungali mdogo. Leo kazi hiyo yatosha mkono mmoja. Kesho itataka misumeno.