Je, Wajua? Ukiambiwa Kuna Nafasi ya Mwalimu Ng'ambo

Je, wajua kwamba James Joyce, mwandishi wa Ireland aliyekuja kuandika Ulysses, aliwahi kuangushwa na wakala wa kazi za ualimu? Mwaka 1904, akiwa kijana wa miaka 22, alilipa ada kwa wakala wa Uingereza, akaambiwa nafasi yake ya kufundisha Kiingereza imeshawekwa katika shule ya Berlitz mjini Zurich. Oktoba akafunga safari na mpenzi wake, Nora Barnacle. Walipofika, mkuu wa shule hakuwa na habari zake wala hakuwa na nafasi. Akamwelekeza Trieste. Trieste nako hakuna kitu. Hatimaye akapata kazi Pola, bandari ya kijeshi ya Austria na Hungaria, akawa anawafundisha maofisa wa majini. Bahati yake ni kwamba shule zenyewe zilikuwepo. Leo hii wapo wanaotumwa kwenye shule ambayo haijawahi kujengwa.

Je, wajua kwamba ada aliyotozwa Joyce leo ingemtia wakala huyo matatani? Sheria ya Uingereza ya mwaka 1973 inayohusu mawakala wa ajira inakataza kumtoza mtu pesa kwa kumtafutia kazi, isipokuwa katika fani chache kama uigizaji na uanamitindo. Shirika la Kazi Duniani nalo, katika Mkataba wake Namba 181 wa mwaka 1997, kifungu cha 7, linasema wakala binafsi asimtoze mfanyakazi ada wala gharama, iwe waziwazi au kwa mlango wa nyuma. Si nchi zote zimeuridhia, na zipo zinazoruhusu ada ndogo. Hata hivyo, ada halali ina risiti yenye jina la kampuni. Haitumwi kwa M-Pesa ya mtu anayejiita "Meneja".

Wajua basi wakala halali anakula wapi? Kwa shule. Korea Kusini na China, shule inayohitaji mwalimu ndiyo humlipa wakala baada ya kumpata. Kwa hiyo anayekudai wewe pesa ya kufungua faili, kisha ya kuhakiki vyeti, kisha ya "kuharakisha", ama anakula pande mbili ama hana shule kabisa. Mimi nikimsikia mtu akisema ameshatuma awamu ya tatu, huwa siulizi tena jina la shule.

Je, wajua kwamba viza ya E-2, ambayo Korea Kusini huwapa walimu wa lugha, kwa upande wa Kiingereza imetengewa raia wa nchi saba? Nazo ni Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. India ilipata mlango wake mdogo kupitia makubaliano ya kibiashara. Kenya, Uganda na Tanzania hazimo, hata kama umesoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza na kupata shahada ya fasihi yake. Unaweza kuona ni dhuluma, na mimi naona hivyo, lakini wakala hana uwezo wa kuibadilisha sheria ya Seoul. Anayekuahidi E-2 ukiwa na pasipoti ya Nairobi au Dodoma anasema uongo, na huna haja ya kumuuliza swali la pili.

Na hao wanaoruhusiwa, mambo yao shwari? Si wote. Sheria ya kazi ya Korea humpa mfanyakazi aliyetimiza mwaka mmoja kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa mwezi mmoja. Matokeo yake, baadhi ya vituo vya masomo ya ziada, vinavyoitwa hagwon, vimepata sifa mbaya ya kuwatimua walimu katika mwezi wa 11 wa mkataba.

Je, wajua kwamba China inamwadhibu mwalimu kabla hata haijauliza nani alimdanganya? Sheria ya kuingia na kutoka nchini humo, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013, inamtoza mgeni anayefanya kazi bila kibali faini ya yuan 5,000 hadi 20,000. Hali ikiwa nzito, anawekwa rumande siku 5 hadi 15, na anaweza kufukuzwa nchini. Wakala naye ana faini yake ya yuan 5,000 kwa kila mtu aliyempeleka kinyume cha sheria. Tofauti ni kwamba polisi wakiingia darasani, anayekutwa ameshika chaki ni mwalimu, na wakala yuko mji mwingine anaandika tangazo jipya.

Mtego wenyewe uko kwenye herufi moja. Viza ya kufanya kazi China ni Z. Wakala wa ujanja atakupa M, ya biashara, au L, ya utalii, na maneno matamu: "Ingia kwanza, tutabadilisha huko huko." Shule inayokutaka kihalali hupata kwanza barua ya kibali cha kazi kwa jina lako, ndipo wewe unapoipeleka ubalozini kuomba Z. Kwa kawaida anayefundisha lugha hutakiwa awe anafundisha lugha yake ya kwanza, awe na shahada, na awe na uzoefu wa miaka miwili au cheti cha kufundisha lugha. Ukiulizwa utaifa wako ukataja Uganda, na wakala akajibu "hakuna shida" papo hapo, hapo ndipo shida inapoanzia.

Wajua pia kwamba Julai 2021 Beijing ilifyeka biashara ya tuisheni? Kampuni zilipigwa marufuku kutengeneza faida kwa kufundisha masomo ya msingi ya shule, na zikakatazwa kuajiri walimu walio nje ya China kufundisha watoto wa huko kwa mtandao. Bado vijana wetu wanatumiwa ujumbe: fundisha watoto wa Kichina ukiwa nyumbani kwako Mombasa, lipia usajili tu. Kazi yenyewe ilikatazwa. Usajili ndiyo biashara iliyobaki.

Sasa tukae kidogo na Thailand, maana hapa mambo si ya kupoteza nauli tu.

Je, wajua kwamba kutoka Bangkok hadi Mae Sot ni karibu kilomita 500? Mae Sot ni mji wa mpakani. Ng'ambo ya mto Moei kuna Myawaddy, Myanmar, na huko zimejengwa kambi zenye kuta ndefu na walinzi wenye bunduki, ambamo watu hulazimishwa kutapeli wengine mtandaoni kwa mapenzi ya uongo na uwekezaji hewa wa sarafu za kidijitali. Agosti 2023, Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 huenda wanashikiliwa katika kazi hizo Myanmar, na wengine wapatao 100,000 Kambodia. Tangu 2022 serikali ya Kenya imekuwa ikiwaonya raia wake juu ya matangazo ya kazi za Thailand, na imewarudisha nyumbani Wakenya waliookolewa Myanmar na Laos.

Ripoti ile ya Umoja wa Mataifa ina jambo linalomhusu moja kwa moja msomaji wa safu hii: wengi wa walionaswa ni watu waliosoma, baadhi wana shahada, wanajua kompyuta na wanazungumza lugha zaidi ya moja. Tapeli wa mtandaoni anayewinda wateja wa Marekani na Ulaya anahitaji nani? Anahitaji mtu wa kuandika Kiingereza kizuri usiku kucha. Tangazo la huduma kwa wateja, la tafsiri au la ualimu linamletea mtu huyo mpaka uwanja wa ndege, tena akiwa amevaa tai. Kwa hiyo shule ikisema iko Bangkok, na dereva aliyekupokea akashika barabara ya kaskazini-magharibi kwa saa nyingi, usisubiri kufika. Shuka penye watu, penye kituo cha mafuta au polisi, upige simu. Kenya ina ubalozi Bangkok. Chukua namba yake ukiwa bado nyumbani, na uiandike kwenye karatasi kwa sababu kitu cha kwanza kunyang'anywa ni simu.

Je, wajua kwamba hata Thailand halali ina masharti? Shule hukuombea kibali cha kazi, na bila hicho faini ni baht 5,000 hadi 50,000, kisha unarudishwa kwenu.

Je, wajua kwamba utapeli huu umewahi kufika hadi shule za serikali za Marekani? Hiki ndicho kisa ninachompa kila anayeniambia "lakini mkataba ni wa kweli". Kuanzia 2007, kampuni ya wakala kutoka Los Angeles iliwapeleka walimu zaidi ya 350 kutoka Ufilipino kufundisha katika jimbo la Louisiana. Shule zilikuwepo, viza zilikuwepo, mishahara ilikuwepo. Walimu walilipa kwanza kama dola 5,000. Walipokwisha kukopa na kulipa, wakaambiwa bado kuna awamu ya pili, kubwa kuliko ile ya kwanza, na asiyelipa apoteze alichokwisha kutoa. Jumla ikafika karibu dola 16,000 kwa mtu mmoja, katika nchi ambako pesa hiyo ni mshahara wa miaka. Juu yake, walitakiwa kutia saini kwamba wakala atakata asilimia 10 ya mshahara wao wa mwaka wa pili.

Walimu wakaungana, wakaenda mahakamani. Desemba 2012 baraza la mahakama ya shirikisho huko California likaamuru walipwe dola milioni 4.5. Miaka mitano ni mirefu kwa mtu mwenye deni la riba, lakini angalia walichokuwa nacho mkononi: risiti, mikataba, majina. Waliotuma pesa kwa namba ya simu bila karatasi hawana cha kumwonyesha hakimu.

Je, wajua kwamba jina kubwa si dhamana? Nova ilikuwa kampuni kubwa kuliko zote za kufundisha Kiingereza Japani, yenye mamia ya matawi na sungura wa waridi kwenye matangazo yake ya televisheni. Juni 2007 serikali iliiadhibu kwa jinsi ilivyowashughulikia wateja. Mishahara ikaanza kuchelewa. Oktoba mwaka huo ikaomba ulinzi wa kufilisika, na maelfu ya walimu wa kigeni wakabaki bila senti. Wengine walifukuzwa kwenye nyumba, kwa sababu kampuni ilikuwa ikikata kodi kwenye mishahara bila kumfikishia mwenye nyumba. Chama cha wafanyakazi kikaanzisha mpango wa somo kwa chakula: nifundishe saa moja, nikulishe. Kabla ya kukubali nyumba ya mwajiri, uliza kodi inalipwa kwa nani, na uweke akiba ya nauli ya kurudi mahali ambapo mwajiri haifikii.

Wajua kwamba hakuna chombo kimoja duniani kinachoidhinisha vyeti vyote vya kufundisha Kiingereza? Ndiyo maana muhuri wa "kutambulika kimataifa" unaweza kuchorwa na yeyote mwenye kompyuta. CELTA, inayotolewa na Cambridge, ina saa sita za kufundisha darasa la watu halisi huku mkufunzi akikutazama. Kozi ya mtandaoni ya wikendi moja haina hata dakika moja. Wakala akikulazimisha ununue kozi yake kabla hajakuonyesha shule, anauza kozi.

Je, wajua kwamba mwajiri wa Qatar akikushikilia pasipoti anaweza kupigwa faini hadi riyali 25,000? Ni sheria ya mwaka 2015. Pasipoti ni mali ya serikali yako, wewe umepewa uitumie. Wakala akiitaka "kwa usalama", mpe nakala.

Haraka haraka: shule nyingi za serikali za Uingereza zina anwani za barua pepe zinazoishia na .sch.uk, na serikali ya huko huchapisha bure orodha ya waajiri wote wenye leseni ya kuleta wafanyakazi wa kigeni. Jina la mwajiri wako likikosekana humo, barua ya ajira ni karatasi tupu. Mwombe wakala akuunganishe kwa simu ya video na mwalimu wa kigeni anayefundisha hapo sasa, kisha mpigie mwenyewe mkuu wa shule kwa namba uliyoitafuta wewe. Mwenye shule halisi haoni uzito. Na anayekupa kazi bila usaili wowote, hata wa dakika kumi, hajali utafundisha nini.

Je, wajua kwamba kukubali kwako hakumsafishi aliyekudanganya? Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 kuhusu usafirishaji haramu wa binadamu inasema ridhaa iliyopatikana kwa hila si ridhaa. Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 2008. Ya Kenya ni ya 2010, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Kwa hiyo aliyerudi mikono mitupu asijifiche kwa aibu. Akaripoti.

Na hili watu wengi hawalijui kabisa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, vifungu vya 83 na 84, inataka mkataba wa kazi ya nje ya nchi ushuhudiwe na afisa wa kazi, na afisa huyo hapaswi kuupitisha mpaka aridhike kwamba umekubali kwa hiari na hukudanganywa. Orodha ya mawakala wenye leseni iko kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Uganda, iulize Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Tanzania Bara, nenda kwa Kamishna wa Kazi. Kama una mkataba mkononi leo, upeleke huko kabla hujatuma shilingi yoyote, na wakala akikuambia hakuna muda wa kwenda huko, usimtumie.