Mtawa Aliyemchosha Mwungamishi Wake

Mwezi wa Julai mwaka 1505 kijana mmoja wa Ujerumani, mwanafunzi wa sheria, alikumbwa na dhoruba ya radi karibu na kijiji cha Stotternheim, akaweka nadhiri kwa Mtakatifu Anna ya kwamba akisalimika atakuwa mtawa. Na kabla ya mwezi kwisha akaitimiza, akaingia nyumba ya watawa wa Mtakatifu Augustino mjini Erfurt. Kijana huyo ni Martin Luther. Wengi wanamjua kwa ugomvi wake na Roma. Lakini kabla ya huo alikuwa na ugomvi mrefu na nafsi yake mwenyewe, na huu, kwa maoni yangu, una manufaa zaidi kwa Mkristo ambaye hana raha mpaka kila jambo lake liwe halina ila.

Luther alifunga, alikesha na kusali kwa ari iliyopita kiasi, na kila alipokwenda kuungama alihofu kwamba liko kosa moja dogo alilolisahau. Yasemekana safari moja aliungama kwa muda wa saa sita. Johann von Staupitz, mkuu wake na mwungamishi wake, mtu mpole mwenye busara, mwishowe alichoka, akamwambia kwamba akitaka msamaha wa Kristo na alete dhambi hasa, si vijambo visivyo na uzito.

Mtawa huyu hakukosea kupenda wema. Alikosea kumdhania Mungu kuwa karani wa hesabu, mwenye kungoja senti moja ipotee ili afukuze mtu kazini. Na mwenye dhana hiyo hujiona mchaji, walakini ukimchunguza kwa insafu utaona fikira zake zote zinamzunguka yeye mwenyewe, hata jirani mwenye njaa hapati nafasi ndani yake.

Wapo watakaouliza kama Kristo hakuamuru, katika sura ya tano ya Mathayo, tuwe wakamilifu kama Baba. Aliamuru, lakini amri hiyo inahitimisha maneno juu ya kuwapenda adui, na juu ya Mungu awapaye jua na mvua wema na waovu pamoja, na Luka, katika sura yake ya sita, asimuliapo mafundisho hayo hayo, mahali pa ukamilifu ametaja huruma.

Staupitz alimwelekeza Luther amtazame Kristo, kisha akampa kazi, na tiba hii ya pili aghalabu husahauliwa. Mwaka 1512 alimshurutisha apokee udaktari wa theolojia na kurithi kiti chake cha kufundisha Maandiko katika Chuo Kikuu cha Wittenberg. Luther alitoa udhuru, asisikilizwe. Na ni katika kuwafafanulia wengine Zaburi na Waraka kwa Warumi alipofahamu kwamba haki ya Mungu, iliyomtisha miaka yote, ni hiba kwa mwenye imani.

Tazama basi alivyofanya kazi baadaye. Akiwa mafichoni katika ngome ya Wartburg kwa sababu ya ugomvi wake na Roma, alilifasiri Agano Jipya kwa Kijerumani katika muda wa majuma kumi na moja hivi, likapigwa chapa Septemba 1522. Desemba ya mwaka huo huo likatoka tena lenye masahihisho. Biblia nzima ikafuata mwaka 1534, naye akaendelea kuisahihisha mpaka karibu na kufa kwake mwaka 1546. Yule mtawa wa Erfurt, madhali aliogopa kosa, asingalithubutu kutoa hata Injili moja. Mtu aliyekwisha kusamehewa alitoa kitabu chenye dosari, akazikiri, akazirekebisha mbele ya watu.

Wasiwasi ukizidi hata kumnyima mtu usingizi na chakula, na aende kwa tabibu bila haya, kama anavyokwenda kwa mchungaji wake. Ama wewe msomaji, kama iko kazi ya kanisa uliyoikataa kwa kuogopa kuiharibu, nenda ukaipokee Jumapili hii. Na kosa ulilokwisha kuliungama kwa ikhlasi, usiliungame tena.